Sura ya Saba: Paneli Isiyong'oka

Inspekta Zdravka Mincheva aliingiza mkono ndani ya ukuta hadi kwenye kiwiko, akapapasa huku na huku, akautoa ukiwa na vumbi tupu.

"Nishushe," alimwambia dereva wa kreni. Kisha akabadili mawazo. "Ngoja. Nisogeze juu kidogo."

Kikapu cha kreni kikayumba. Upepo wa mto Danubi ulikuwa haujapumzika tangu alfajiri, ule upepo wa Machi unaotafuta kila kifungo kilicholegea kwenye koti. Chini, kando ya ngazi za maktaba mpya ya mji wa Ruse, Sajini Krum alikuwa amejikunyata ndani ya kola yake, akimtazama bosi wake kama mtu anayemtazama paka aliyekwama juu ya mti.

Zdravka aliwasha tochi, akaanza upya.

Ukuta wote wa mbele ulikuwa umevishwa paneli za saruji yenye nyuzi, rangi ya mchanga uliolowa, kila moja ikiwa imeng'atana na jirani zake. Palipokuwa na paneli moja, pembeni mwa dirisha la ghorofa ya pili, sasa palikuwa na tundu jeusi la mraba. Juu ya tundu kulikuwa na paneli. Chini yake kulikuwa na paneli. Kushoto vilevile. Zote ziko imara, hazitikisiki.

Hapo ndipo kichwa kilipokuwa kikimuuma. Alikwisha kufundishwa jinsi paneli hizi zinavyopangwa, na aliifahamu hesabu hiyo sasa kuliko alivyotaka. Kila paneli ina ulimi upande wa juu na mdomo upande wa chini. Fundi anaanzia chini ya ukuta, anapiga skrubu kwenye ulimi, kisha anashusha mdomo wa paneli inayofuata juu yake. Skrubu zinafichika, maji ya mvua yanateleza nje. Ni kama magamba ya samaki. Ukitaka kutoa moja ya katikati, huna budi kuteremsha zote zilizo juu yake.

Hakuna aliyeteremsha chochote. Hata hivyo moja ya katikati ilikutwa imevunjika chini kwenye ngazi, na kando ya vipande vyake alilala Lyuben Radkov, msanifu aliyelisimamia jengo hili, akiwa amepasuka kisogo.

Alipitisha kidole kwenye mdomo wa paneli ya juu. Ulikuwa laini. Hakuna ufa wala mkwaruzo. Kama upepo ndio ulioinyakua ile ya chini yake, mdomo huu ungekuwa umevunjikavunjika. Kwenye fremu ya chuma ndani ya tundu hakuona skrubu, hata iliyokatika. Aliona vitundu viwili tu, visafi, vimepakwa mafuta.

"Umepata nini, mkuu?" Krum alimuuliza alipotua.

"Baridi."

Simu yake iliita kabla hajatoka kwenye kikapu. Alijua ni nani. Mwendesha mashtaka Gergov alikuwa na tabia ya kupiga simu wakati mtu ana mikono miwili iliyojaa vitu.

"Zdravka, nipe habari njema. Meya ananiuliza maktaba inafunguliwa lini."

"Sina."

"Unayo, hutaki tu kuiona. Ukuta umemwangukia mtu. Watu huangukiwa na kuta, mama."

"Ukuta haukuanguka, mheshimiwa. Umetoka jino moja, tena la katikati, na fizi haina hata kidonda. Halafu kuna damu. Vipande vimekaa juu ya damu iliyokwisha kuganda. Radkov alikuwa amelala pale muda mrefu kabla paneli haijafika chini."

"Daktari amekubali?"

"Daktari anasema inawezekana."

"Daktari anasema inawezekana," Gergov alirudia, kwa sauti ya mtu anayeonja maziwa yaliyochacha. "Basi niambie, huyo muuaji wako aliitoaje hiyo paneli?"

Zdravka aliinua macho kwenye tundu.

"Unaona! Mimi nina mbunifu aliyeichora paneli kwa mkono wake, na anakiri kwamba ni mbovu. Anakiri, Zdravka! Hakuna aliyemlazimisha. Leo nataka ashtakiwe kwa uzembe, na kesho nataka kusahau habari hii."

Simu ikakatika. Zdravka alilipiga teke tairi la kreni, akaumiza kidole.

*

Mbunifu Biserka Tomova alikuwa ameketi katika chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, kahawa yake imepoa bila kuguswa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, nywele amezibana kwa penseli, na vidoleni mwake kulikuwa na saruji iliyokataa kutoka hata kwa kusuguliwa.

"Tuanze tena," Zdravka alisema.

"Nimeshasema mara mbili, Inspekta."

"Utasema ya tatu."

"Mdomo niliuchora mfupi. Mafundi walisahau skrubu kwenye paneli ile. Upepo ukaingia kwa nyuma, ukaichomoa. Kosa ni langu, mdomo ungekuwa mrefu ingestahimili. Nipeni nitie sahihi."

Alilisema lote kwa mkupuo mmoja, bila kupepesa macho, kama mwanafunzi aliyekariri.

"Msimamizi wa mafundi ameapa kwamba hawakusahau skrubu hata moja."

"Ungetarajia aseme nini?"

"Na mdomo wa paneli ya juu mbona haukuvunjika?"

"Bahati."

"Bahati," Zdravka alisema. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Paneli hii ilipata tuzo kwenye maonyesho ya Sofia mwezi uliopita. Radkov alipanda jukwaani peke yake, akapokea peke yake, jina lake tu likatajwa. Sasa amekufa, na ghafla paneli imekuwa yako?"

Kwa mara ya kwanza kitu kilipita usoni mwa Biserka. Haikuwa hasira, ilikuwa uchovu zaidi.

"Ubovu ulikuwa wangu tangu mwanzo," alisema. "Sifa ndiyo iliyokuwa yake."

Krum, aliyekuwa ameegemea mlango, alikohoa. Alikuwa na nadharia yake tangu siku ya kwanza, na ilikuwa nadharia nzuri: mwanamke kaibiwa kazi yake, kamuua mwizi. Tatizo lake ni moja tu. Jioni ile Radkov alipokufa, Biserka alikuwa chuoni, mbele ya darasa zima, akifundisha uchoraji wa kiufundi. Wanafunzi wote walimkumbuka, hasa kwa sababu aliwapa mtihani wa ghafla.

"Sawa," Zdravka alisema, akiketi tena. "Paneli ni mbovu. Nimekubali. Ile zahanati ya watoto kule upande wa stesheni imevishwa paneli hizihizi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Krum, piga simu. Watoto wote wahamishwe leo, na mtaa ufungwe."

"Hapana!" Biserka alisema. "Usiwahamishe watoto."

"Kwa nini?"

"Kule... kule ni salama."

"Kalibu ya kumwagia saruji ni ileile. Mdomo ni uleule mfupi. Kwa nini kwingine iue, kwingine iwe salama?"

Biserka alitazama kahawa yake.

"Kuna baridi," alisema hatimaye. "Watakohoa."

Baada ya hapo hakusema neno. Zdravka alimbembeleza, akamtisha, bila mafanikio. Ni kama kuchokonoa ukuta kwa ukucha. Alitoka nje akiusukuma mlango kwa bega.

*

Kwenye kibanda cha kona Krum alinunua banitsa ya moto, mkate wa tabaka wenye jibini, akaimega katikati na kumpa bosi wake kipande kidogo.

"Anamficha mtu," alisema, kinywa kimejaa.

"Hilo hata farasi wa sanamu pale uwanjani analijua."

"Mdogo wake, Asen. Ndiye anayetengeneza kalibu pale kwenye karakana ya paneli. Mimi naweka mshahara wangu."

"Asen alikuwa kitandani na homa. Mama yao amesema."

"Mama yangu pia angesema."

"Najua, Krum! Unadhani sijui?" Watu wawili waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Zdravka akapunguza sauti. "Nikimpeleka kwa Gergov, ataniuliza swali lilelile. Aliitoaje? Hakuna mtu anayeweza kuitoa. Nimeuliza mafundi, nimeuliza wahandisi, nimeuliza profesa mmoja aliyenichorea samaki kwenye kitambaa cha meza. Wote wanasema haitoki. Kama haitoki basi ilianguka, na haikuanguka! Naelekea kuwa kichaa."

Krum alitafuna taratibu. "Hata hivyo kuna jambo moja linanishangaza kuhusu huyo Biserka," alisema. "Baba yangu alikuwa fundi viatu. Ungemwambia kiatu chake kina kasoro, angekufukuza na nyundo, hata kama soli inaning'inia. Huyu wetu anatubembeleza tuamini kwamba kazi yake ni takataka."

Zdravka aliacha kutafuna.

"Na watoto hakutaka wahamishwe," alisema polepole. "Kwa sababu anajua haziwezi kuanguka. Anajua kuliko mtu yeyote." Alijifuta mafuta mdomoni. "Na Asen je? Yeye amesema nini kuhusu paneli?"

"Hajaulizwa. Tumemuuliza alikuwa wapi tu."

"Kamlete dada yake kwenye gari. Tunakwenda karakanani."

"Gergov amesema leo..."

"Gergov anaweza kwenda kuogelea Danubi."

*

Karakana ilikuwa nyuma ya njia za reli, na kwenye uwanja wake kulisimama ukuta wa majaribio, umevishwa paneli kutoka ardhini hadi kimo cha watu wawili. Asen Tomov aliwapokea akiwa na aproni. Alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, mwenye macho ya dada yake lakini bila uvumilivu wake. Alipomwona Biserka anashuka kwenye gari la polisi, alipiga hatua mbili kuelekea kwake.

"Dada, wamekulisha nini tangu asubuhi? Umekula?"

"Nimekula," Biserka alidanganya. "Rudi ndani, Asen. Ni mambo ya kitaalamu tu."

"Abaki," Zdravka alisema. "Nitamhitaji. Bwana Tomov, naomba uniondolee safu za juu, kisha uweke paneli moja bila skrubu, halafu uzirudishe zilizo juu. Dada yako anasema hivyo ndivyo ilivyokuwa kule maktaba."

Asen alimtazama dada yake. Biserka aliitazama ardhi. Asen alifanya alivyoambiwa, akisaidiwa na mfanyakazi mwingine, kwa haraka na kwa uangalifu, akifuta kila ulimi kwa kitambaa kabla ya kuufunika. Kazi ilipokwisha, Zdravka alimpa Krum ishara.

Krum aliwahi kuwa mpiga mieleka wa uzito wa juu, na bado alikuwa na shingo ya kazi hiyo. Alivua koti, akabandika kwenye paneli vile vikombe vya mpira wanavyobebea vioo, akashika mishikio yake, akavuta. Uso ukawa mwekundu. Akaweka mguu mmoja ukutani, akavuta tena. Akaweka wa pili, akaning'inia kama popo. Kikombe kimoja kikabanduka kwa mlio wa aibu, na sajini akatua matakoni.

Paneli haikusogea hata unywele.

"Na hiyo haina skrubu," Zdravka alisema.

"Upepo si sawa na mtu," Biserka alijibu haraka. "Upepo unasukuma kwa nyuma."

"Sawa. Mimi si mhandisi." Zdravka alitoa karatasi ya maelezo kwenye mkoba, akaikunjua. Hakupenda alichokuwa anakwenda kukifanya, lakini alikwisha kujaribu njia nyingine zote. "Basi tia sahihi. Ila kwanza yaseme maneno yako hapa, mbele ya mashahidi. Paneli ni nini?"

"Ni mbovu," Biserka alisema.

"Sikusikia. Treni inapita."

"Ni mbovu! Niliichora vibaya."

Asen alikuwa anajifuta mikono. Aliacha.

"Dada, unasema nini?"

"Nyamaza, Asen."

"Baada ya sahihi hii," Zdravka aliendelea, akijifanya hamwoni, "paneli zote zitabanduliwa mji mzima. Kalibu zitavunjwa. Magazeti yataandika, na hiyo ni haki, maana mtu amekufa. Mwanamke asiyejua kazi yake hakupaswa kupewa penseli."

"Hajui kazi?" Sauti ya Asen ilipasuka. "Huyu? Huyu hajui kazi?"

"Asen!"

"Mwenyewe amesema ni mbovu, Bwana Tomov. Paneli ikiharibika katikati ya ukuta hata kuibadilisha haiwezekani. Mchoro gani huo wa kijinga?"

"Haiwezekani?" Asen alicheka, kicheko kibaya, na alikwisha kuanza kutembea. "Haiwezekani kwa nani? Kwa Radkov hata mwaka mzima asingeweza, alikuwa hajui hata kilichomo ndani ya kitu alichopokelea tuzo! Dada yangu alilifikiria hilo kabla ya yeyote. Tazama wewe! Tazama, halafu uniambie nani mjinga!"

Biserka alimshika mkono. Asen aliuondoa kwa upole, kama mtu anayeondoa mkono wa mgonjwa. Akaenda kwenye paneli ya pembeni, isiyo na tofauti yoyote na nyingine, akatoa kwenye mfuko wa aproni kipande cheusi cha sumaku, kizito, kinachojaa kiganja. Akakibandika karibu na kona ya juu, akakitelezesha. Ndani ya ukuta kikasikika kitu kikiruka. Akafanya vivyo hivyo kona ya pili. Kisha akaweka viganja chini ya paneli, akaiinua kidogo, akaivuta ubavuni, na paneli ikatoka mikononi mwake nzima, kama droo.

Mdomo wa paneli ya juu ulibaki mahali pake, laini. Ndani ya tundu, kwenye fremu ya chuma, kulikuwa na vitundu viwili visafi vilivyopakwa mafuta.

"Kila ukuta una chache za namna hii," Asen alisema, anahema, bado amejaa fahari. "Kwa ajili ya ukarabati. Ulimi wake hauna skrubu, una pini na springi. Hazionekani, maji hayaingii, upepo hauzigusi. Hakuna mwingine Ulaya nzima aliyefikiria hivyo. Na wewe unasema..."

Hapo akaziona nyuso zao.

Krum alikuwa amesimama, koti mkononi. Mfanyakazi yule mwingine alirudi nyuma hadi mlangoni. Biserka alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyake vyenye saruji.

"Ni nani wanaojua hili?" Zdravka aliuliza. Hakupandisha sauti.

Asen aliishusha paneli chini, polepole, akaiegemeza ukutani ili isivunjike kona.

"Tulikuwa hatujalitangaza," alisema. "Ni mimi na dada."

"Dada yako alikuwa darasani."

"Ndiyo," Asen alisema. "Alikuwa darasani."

Aliketi juu ya mfuko wa saruji. Zdravka alikuwa ameitafuta sauti hii kwa siku nyingi za hasira, na sasa ilipokuja hakuwa na hamu nayo.

"Nilimfuata maktaba nikamwomba," Asen alisema. "Nilimwomba, Inspekta, sikwenda kugombana. Nikamwambia arudi Sofia aseme tu jina la dada. Jina tu. Akaniambia hakuna atakayekumbuka ni nani alichora ganda la nyumba. Nikamsukuma. Ngazi zile zilikuwa na barafu." Aliitazama mikono yake. "Nilimwita, hakuitika. Nilikaa naye. Sijui nilikaa kwa muda gani. Halafu nikapanda dirishani na sumaku, nikaitoa paneli, nikang'oa pini zake, nikaidondosha."

"Na homa yako?"

"Mama hajui kitu. Alinikuta natetemeka, akanifunika blanketi."

Biserka alimwendea, akapiga magoti mbele yake juu ya matope, bila kujali suruali yake nzuri ya mjini.

"Nilishawaambia ni mbovu," alisema. "Walikuwa wameshaamini, Asen. Yule mwendesha mashtaka alikuwa ameshaamini. Ungenyamaza dakika moja tu zaidi."

"Lakini si mbovu."

"Najua."

"Ungeacha waivunje?"

"Ningevunja mwenyewe, kwa nyundo," dada yake alisema. "Nitachora nyingine. Wewe nitakuchora wapi?"

Simu ya Zdravka ilianza kuita mfukoni. Ni Gergov. Aliiacha iite. Alikuwa na jibu la swali lake sasa, na alihisi kama mtu aliyevunja mlango mzito kwa bega akakuta chumba cha watu waliofiwa.

Matone ya kwanza ya mvua yalianguka uwanjani. Asen aliinua kichwa, akautazama ukuta, tundu likiwa wazi.

"Maji yataingia kwenye fremu," alisema. "Niruhusu niirudishe."

Krum alimtazama mkuu wake. Zdravka aliitikia kwa macho.

Asen aliinama kwenye paneli, na Biserka akashika upande wa pili. Waliinua pamoja bila kuambiana, kama watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi. Wakaisogeza ubavuni, wakaiteremsha. Pini zikaruka ndani, moja, kisha nyingine. Biserka alipitisha kiganja kwenye ungio, akaona pamekaa sawa.

Ndipo Krum akatoa pingu.